Jinsi ya Kupima Ngozi ya Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi Bila Sindano

Maswali ni yaleyale kila wiki. “Kuna kipimo cha damu cha pumu ya ngozi?” “Mwanangu ana miezi 4, atachomwa sindano?” “Nimesikia huko nje wanabandika utepe tu kwenye ngozi, majibu yanatoka. Hapa kwetu wanafanya wapi?” Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika ili uyasome ukiwa umetulia, mtoto amelala.

Pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, hutambuliwa kwa macho, kwa mkono na kwa historia ya mtoto. Hakuna kipimo cha damu kinachosema “anayo” au “hana”. Vipo vipimo vya damu na vya kuchoma ngozi vinavyotafuta mzio wa kitu fulani, lakini watoto wengi wenye pumu ya ngozi hawavihitaji, na majibu yake yakisomwa vibaya mtoto huishia kunyimwa maziwa na mayai bure.

Unayemwona mtoto usiku na mchana ni wewe. Daktari anamwona kwa dakika 10, tena siku ambayo pengine ngozi imetulia. Ukijua kuipima vizuri, unaingia chumba cha daktari na kitu mkononi. Mwongozo huu ni wa kupima. Dawa utapangiwa na atakayemwona mtoto.

Andaa hivi kwanza

- Mwanga wa mchana, karibu na dirisha au barazani. Taa ya ndani na tochi ya simu hubadilisha rangi ya ngozi.
- Daftari moja la kazi hii tu, na kalamu.
- Simu yenye kamera.
- Rula.
- Bilauri ya kioo safi, isiyo na maua wala maandishi.
- Kila kitu kinachogusa ngozi ya mtoto: sabuni, mafuta, poda, krimu, dawa za kienyeji, hata sabuni ya kufulia nguo zake.
- Mtu wa pili wa kumshika mtoto. Ukiwa peke yako utaharakisha.

Mikono ioshwe, kucha zako ziwe fupi.

Hatua za kupima nyumbani

1. Iache ngozi kama ilivyo. Pima asubuhi, kabla ya kumwogesha na kabla ya kumpaka mafuta. Mafuta huficha magamba na kufanya ngozi kavu ionekane nzuri. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea: wanampaka mtoto mafuta mpaka anang’aa kwa sababu wanakwenda hospitali, halafu daktari anaona ngozi iliyotulia. Mvue nguo zote, pamoja na nepi na soksi, kisha msubiri kama dakika 10 apoe. Mtoto aliyetoka mgongoni, kafungwa kanga na kuvishwa kofia ya sufi, ana jasho na pengine harara. Ukimpima hapohapo utaandika harara ukidhani ni pumu ya ngozi.

2. Anzia kichwani, shuka hadi nyayoni. Chora mwanasesere kwenye daftari, mbele na nyuma, kisha tia kivuli kila palipoathirika. Mahali panasema mengi kuliko jinsi palivyo. Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, pumu ya ngozi hupenda mashavu, paji la uso, kichwa, na upande wa nje wa mikono na miguu. Sehemu ya nepi mara nyingi husalimika, kwa kuwa ina unyevu na mtoto hawezi kuifikia kuikuna. Akishakua kidogo, ugonjwa huhamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na kwenye vifundo vya mikono.

Usimalize bila kukunjua vidole. Angalia kati ya vidole, viganjani, nyayoni na kwapani. Vipele vikiwa hapo, na nyumbani kuna mwingine anayejikuna usiku, fikiria kwanza upele, ule wa mdudu anayechimba ngozi. Upele huambukiza, una dawa yake, na nyumba nzima hutibiwa kwa pamoja. Nimeona mtoto aliyepakwa krimu ya pumu ya ngozi miezi miwili, na kaka yake wa darasa la kwanza amekaa pembeni anajikuna vidole muda wote. Hakuna aliyemuuliza.

3. Tafuta rangi ya ngozi yetu. Maelezo mengi ya ugonjwa huu yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, hivyo kila mahali utasoma “wekundu”. Kwenye ngozi nyeusi usiusubiri wekundu. Tazama zambarau, kahawia iliyokoza au kijivu, na linganisha na ngozi ya jirani yake au ya upande wa pili wa mwili. Tazama pia vipele vidogo vilivyokaa kwenye vinyweleo, ngozi ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hiyo huonekana sana kwa watoto wetu, na kwa kuwa haiko kwenye picha za vitabu vingi, mzazi huambiwa ni joto tu.

4. Tumia mkono. Hatua hii mimi naiamini kuliko zote. Fumba macho, pitisha mgongo wa vidole vyako taratibu kutoka shavuni hadi kifuani, kisha mikononi na miguuni. Ngozi iliyo salama inateleza. Yenye pumu ya ngozi inakwaruza kama msasa laini, na mara nyingi mkono huikuta mahali ambapo jicho halijaona kitu. Kisha bana ngozi polepole kwa vidole viwili: imekuwa nene kuliko ya jirani? Ina joto? Inatoa majimaji? Andika maneno yako mwenyewe. “Kama msasa, goti la kushoto, mapana sentimita 3” inatosha kabisa.

5. Bonyeza kwa bilauri. Weka ubavu wa bilauri juu ya doa, bonyeza, tazama kupitia kioo. Rangi ikififia, damu bado iko ndani ya mishipa yake, kama ilivyo kwa pumu ya ngozi na aina nyingi za vipele. Rangi isipofifia, damu imevuja chini ya ngozi. Madoa yasiyofifia pamoja na homa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kwenye ngozi nyeusi sana jaribu viganjani, nyayoni au tumboni, ambako rangi huonekana kwa urahisi zaidi. Kumbuka kuwa bilauri haithibitishi pumu ya ngozi. Kazi yake ni kukuonyesha hatari ya namna nyingine.

6. Pima muwasho. Bila muwasho, pumu ya ngozi inatia shaka. Mtoto wa miezi 3 hajui bado kujikuna, hivyo tafuta dalili nyingine: anasugua mashavu kwenye godoro au kifuani pako akinyonya, anasuguanisha miguu, anageuza kichwa huku na huku, ana mikwaruzo midogo asubuhi. Hesabu ameamka mara ngapi usiku, na alipoamka alikuwa anasugua wapi. Fanya hivyo siku 7 mfululizo.

7. Toa alama. Kuna dodoso fupi liitwalo POEM, lililotungwa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na hutumika duniani kote kwa sababu halihitaji kifaa chochote. Unajiuliza: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi kwa sababu ya ugonjwa huu

- ngozi iliwasha,
- usingizi wa mtoto ulivurugika,
- ngozi ilitoka damu,
- ngozi ilitoa majimaji,
- ngozi ilipasuka,
- ngozi ilitoa magamba,
- ngozi ilikuwa kavu au ya kukwaruza?

Hakuna siku hata moja ni 0. Siku 1 hadi 2 ni alama 1, siku 3 hadi 4 ni 2, siku 5 hadi 6 ni 3, kila siku ni 4. Jumlisha, ya juu kabisa ni 28. Ukipata 0 hadi 2, ngozi iko safi au karibu safi. 3 hadi 7 ni ugonjwa mdogo, 8 hadi 16 wa kati, 17 hadi 24 mkali, 25 hadi 28 mkali mno. Jibu peke yako kwanza, kisha baba au bibi anayelala na mtoto ajibu. Mkipishana sana, yule anayeamka usiku ndiye mwenye habari kamili.

8. Piga picha. Mahali palepale, saa ileile, dirisha lilelile, rula pembeni. Moja ya mbali ionyeshe sehemu ya mwili, moja ya karibu. Zima vichujio vya kurembesha sura, maana baadhi ya simu huviwasha zenyewe na kufuta magamba yote. Picha za mtoto akiwa hana nguo zibaki kwako na kwa anayemtibu, zisipite kwenye makundi ya WhatsApp.

9. Kusanya historia. Ilianza akiwa na umri gani? Baba, mama au ndugu zake wana pumu ya kifua, mafua ya mzio au pumu ya ngozi? Kisha panga mezani kila kinachogusa ngozi yake.

Mama mmoja alinifungulia mfuko wa plastiki, akatoa kimoja kimoja: mirija minne ya krimu, mmoja umekatwa kwa mkasi ili kukamua tone la mwisho, kopo lisilo na lebo, sabuni ya mche, na chupa ndogo ya dawa ya kuua vijidudu aliyokuwa akiitia kwenye beseni. Mtoto alikuwa na miezi 5. Tulipogeuza mirija, mitatu kati ya minne ilikuwa na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, iliyochanganywa na dawa ya bakteria na ya fangasi, yote imenunuliwa duka la dawa bila mtoto kuvuliwa hata fulana. Yule mama hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka kuamka usiku, na kila aliyemuuliza alimpa mrija mwingine. Kwa hiyo nakuomba, mfuko wote uje nao, hata kile unachoona aibu kukitaja.

10. Badilisha kitu kimoja, pima tena baada ya wiki 2. Dawa alizoandikiwa ziendelee. Kwa upande wako, anza na kuoga: maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila sabuni ya mche wala yenye manukato kali. Sabuni ya kipande ina magadi mengi, na ngozi ya mtoto inataka uasidi kidogo. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, bila kusugua, kisha umpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya zeituni, ambayo nyumba nyingi huyaamini, nakushauri uyaache. Yamechunguzwa na kuonekana kulegeza utando unaokinga ngozi. Ukibadilisha sabuni, mafuta na chakula siku moja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Vipimo vya vifaa, navyo bila sindano

Baadhi utavikuta hospitalini, vingine viko kwenye utafiti tu. Ni vizuri uvijue ili usiuziwe ndoto.

*Lenzi ya ngozi.* Kifaa kidogo chenye taa, huwekwa juu ya ngozi na kuikuza. Husaidia sana kumwona mdudu wa upele na njia anazochimba. Mtoto hasikii kitu.

*Kijiti cha pamba.* Hupitishwa kwenye kidonda chenye majimaji, kikapelekwa maabara. Bakteria aina ya stafilokoka hukaa kwenye ngozi ya watoto wengi wenye pumu ya ngozi, hivyo kumpata tu si sababu ya kumpa mtoto dawa ya bakteria. Lazima pawe na dalili za maambukizi.

*Kipimo cha maji yanayopotea.* Ngozi yenye utando dhaifu huvujisha maji kwa mvuke usioonekana. Kifaa kinagusishwa kwenye mkono wa mtoto na kuhesabu gramu zinazopotea kwa kila mita ya mraba kwa saa. Huko Cork, Ireland, watafiti waliwapima watoto siku chache tu baada ya kuzaliwa na tena wakiwa na miezi 2. Matokeo yaliyotolewa 2015 yalionyesha kuwa waliokuwa wakipoteza maji mengi ndio waliopata zaidi pumu ya ngozi walipofikia mwaka 1. Lakini joto la chumba, jasho, kulia, hata mafuta ya jana huvuruga namba. Ndiyo maana hupimwa katika chumba chenye joto na unyevu vinavyodhibitiwa, mtoto akiwa ametulia.

*Utepe.* Hiki ndicho mnachoniulizia. Kipande cha mviringo chenye gundi laini hubandikwa kwenye mkono, hubonyezwa sekunde chache, kikabanduliwa. Hurudiwa mara kadhaa palepale kwa vipande vipya. Kinachotoka ni seli zilizokufa za tabaka la juu kabisa, bila damu wala kovu. Maabara husoma protini na mafuta yaliyomo. Copenhagen, Denmark, wamefanya hivyo kwa watoto wa siku chache na wa miezi 2, wakaona kuwa protini moja ya uvimbe, iitwayo TARC, ikiwa juu kwenye ngozi ya mtoto wa miezi 2, uwezekano wa kupata pumu ya ngozi baadaye huongezeka.

Habari hizo zinanifurahisha, kwa sababu zamani kuielewa ngozi kwa ndani kulitaka kukata kipande, na hakuna mzazi anayetaka mtoto wa miezi 2 akatwe ngozi kwa ajili ya utafiti. Ila hadi sasa utepe ni kazi ya utafiti, si kipimo cha kumwandikia mtoto wako dawa kesho. Tena kuna jambo letu hapa. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, waligundua kuwa hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayojenga utando wa ngozi, huchangia ugonjwa huu. Hitilafu zinazoonekana sana Ulaya ya kaskazini ni adimu kwa Waafrika. Majibu ya watoto wa kule hayawezi kuvalishwa watoto wa hapa kama nguo ya mtumba. Ngozi za watoto wetu nazo zipimwe.

Ukiombwa mtoto ashiriki utafiti wa aina hii, uliza kibali cha maadili. Kwa Tanzania Bara, NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo hutoa kibali cha kitaifa cha utafiti wa afya. Omba maelezo kwa Kiswahili, na ujue una haki ya kukataa au kujitoa bila mtoto kunyimwa matibabu.

Onyo la vitu viwili. Usijaribu utepe nyumbani kwa selotepu au plasta. Gundi yake ni kali, itachuna ngozi iliyo hai na kumwachia kidonda. Na zile mashine za kushika mkononi zinazodai kupima mwili mzima kwa dakika moja hazitambui pumu ya ngozi wala mzio. Hela hiyo inunue mafuta ya mgando.

Mambo yakienda tofauti

*Alama zinapanda na kushuka kila wiki.* Ndivyo ugonjwa ulivyo. Angalia mwelekeo wa wiki 4 hadi 6, na kando ya alama andika kilichotokea: joto, mafua, chanjo, safari, kuota meno.

*Nikipaka krimu inapona, nikiacha inarudi.* Kurudi ni tabia yake. Lakini chunguza kipimo, kwa kuwa wengi hupaka kidogo mno kwa hofu. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu; tuiite ncha 1. Kwa mtoto wa miezi 3 hadi 6, ncha 1 hutosha uso na shingo vikiwa vimeathirika vyote, ncha 1 mkono mzima, ncha 1 na nusu mguu mzima. Hii ni kwa krimu aliyoandikiwa, si ile ya kopo lisilo na lebo.

*Magamba ya njano yenye mafuta kichwani na kwenye nyusi, ila mtoto hajikuni na anacheka.* Huenda ni utando wa kichwani wa watoto wachanga, ambao huisha wenyewe. Usiubandue kwa kucha.

*Doa la mviringo, ukingo umeinuka, katikati pamepona.* Fikiria choa, ugonjwa wa fangasi wa ngozi. Krimu ya steroidi itaufanya uenee.

*Nimwachishe mayai na maziwa?* Usimwachishe kwa kubahatisha, na wewe unayenyonyesha usijinyime. Mzio wa chakula wa kutiliwa maanani zaidi ni ule unaojitokeza muda mfupi baada ya kula, dakika chache hadi saa 2: midomo kuvimba, vipele vya kuvimba mwilini, kutapika. Hapo ndipo vipimo vya mzio vina maana. Akihema kwa shida, kimbia hospitali.

*Ukoko wa rangi ya asali, usaha, ngozi ya moto.* Apelekwe siku hiyohiyo. Na malengelenge madogo yanayofanana, yaliyokusanyika, yanayoacha vidonda vya duara kama vimetobolewa, hasa akiwa na homa au amelegea, yanaweza kuwa virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyoingia kwenye ngozi dhaifu. Hiyo ni dharura. Ndiyo maana mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto huyu.

*Nina mimba nyingine. Nimpake mafuta tangu siku ya kwanza ili nimkinge?* Uingereza walijaribu kwa watoto 1,394, na matokeo ya 2020 yakaonyesha kuwa mafuta ya kila siku katika mwaka wa kwanza hayakuzuia pumu ya ngozi. Mafuta humsaidia aliyekwisha ipata.

*Wilayani kwetu hakuna daktari bingwa wa ngozi.* Uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa kama kuna mtaalamu aliyesomea magonjwa ya ngozi Moshi. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo huko, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, kilichoanza 1992, kimewafundisha pia waganga wasio madaktari bingwa, kwa ajili ya maeneo kama yenu.

*Ngozi imekuwa laini, lakini yamebaki madoa meupe.* Mara nyingi si ukoma wala fangasi. Ni rangi iliyopungua pale palipowaka, nayo hurudi taratibu kwa miezi. Usiongeze steroidi kuyafukuza, kwa sababu yenyewe hupausha ngozi zaidi. Pitisha mgongo wa vidole juu yake kama ulivyofanya hatua ya 4. Ikiteleza, andika “laini”, tia tarehe, piga picha ya mwezi huu.